Krismasi Ng'ambo ya Daraja

Somo kuu: Mathayo 2:1-15
Masomo mengine: Luka 2:1-20; Yeremia 29:4-7



Viti vingi viko wazi leo, na sote tunajua ni kwa nini. Shule zimefungwa, walimu wamepanda basi, wanafunzi wa chuo wameenda kwao. Wanaosafiri wiki hii tunawaombea. Safirini mchana, mfuate maagizo ya usalama, na mkifika mtusalimie wazazi. Lakini neno la leo ni la waliobaki. Ni lako wewe muuguzi ambaye jina lako liko kwenye zamu ya tarehe 25. Ni lako askari uliyenyimwa likizo, na lako fundi wa mjengo uliyetuma pesa ya nauli nyumbani ikawe ya unga. Ni lako mama mwenye watoto watano, uliyepiga hesabu ya nauli ya kwenda Kakamega na kurudi ukaona ni karo ya muhula mzima. Leo naongea na ninyi.

Wengi wetu tukivuka daraja la Mto Tana, tukitoka Madogo kuingia Garissa, kuna kitu hubadilika moyoni. Nairobi imebaki nyuma kama kilomita 370. Hata wenyeji wetu wakisafiri kuelekea huko utawasikia wakisema wanaenda "Kenya", si ndio? Tuko ndani ya nchi yetu, kitambulisho ni kimoja, lakini tunaishi kama watu waliovuka mpaka. Tunaamshwa na adhana. Ijumaa ndiyo siku ambayo mji hutulia. Ikifika Desemba hakuna baridi ya asubuhi wala tawi la mtarakwa sebuleni. Kuna jua na vumbi, na nimeona nyumba moja watoto wamefunga baluni kwenye mwarobaini. Nikasema, Haleluya, hao wameelewa!

Maana hapa ndipo adui hupenda kunong'ona. Anakwambia, "Krismasi yako haiko hapa. Krismasi iko ushago. Wewe hapa unangoja siku zipite tu." Na mtu anaamini. Anafunga geti, anakaa na simu, anaangalia picha za wenzake wanaochoma nyama huko kwao, anahuzunika hadi Januari. Leo nataka tulipime neno hilo kwa Maandiko tuone kama lina ukweli.

1. Yusufu alikwenda ushago, na nafasi haikuwako

Soma Luka sura ya 2 polepole. Kaisari Augusto ametoa amri watu waandikwe, kila mmoja katika mji wa ukoo wake. Yusufu anaishi Nazareti, lakini ukoo wake ni wa Daudi, kwa hiyo anakwenda Bethlehemu. Kwa lugha yetu ya Kenya, Yusufu alikuwa anarudi ushago! Ni kule kwa mababu zake, mahali jina la ukoo linajulikana. Na ni huko huko, kwao kabisa, ndiko Mariamu alikojifungulia bila chumba, mtoto akalazwa mahali pa kulishia mifugo.

Sisemi kwenda nyumbani ni vibaya. Mungu ametuamuru tuwaheshimu baba na mama, na mzee akikuona mara moja kwa mwaka ni baraka. Nasema hivi: Krismasi ya kwanza haikutegemea nyumba ya ukoo. Ilitegemea Mungu kushuka mahali watu walipokuwa usiku ule.

Na habari ilipelekwa kwa nani kwanza? Kwa watu wa mifugo waliokuwa nje usiku wakilinda kundi. Kwa mtu wa Nairobi, mchungaji wa kondoo ni picha kwenye kadi. Wewe unayekaa hapa unamjua. Unamwona katika soko letu la mifugo, moja ya masoko makubwa katika eneo hili lote la Afrika Mashariki. Ametembea siku nyingi na ngamia na mbuzi, vumbi limempanda hadi magotini, fimbo iko begani, macho ni mekundu kwa kukesha akiogopa fisi. Sasa hebu nikuulize. Malaika alipopita juu ya jumba la Herode na juu ya hekalu, akaenda kusimama malishoni, alipotea njia? Hakupotea. Mungu alichagua kuanza na watu wanaoishi kama wanavyoishi jirani zetu hapa. Ukimwona mchungaji anavusha mbuzi barabarani wiki hii, usipige honi kwa hasira. Kumbuka ni watu wa kazi hiyo waliosikia kabla yako wewe na mimi.

2. Zawadi za Mtoto zinanukia kama mtaa wetu

Mathayo 2:11 inatuambia mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Dhahabu tunaijua. Je, uvumba na manemane ni nini? Ni utomvu wa miti ya nchi kavu. Gome likikatwa, utomvu unatoka, unakauka, unaokotwa kama vipande vya gundi. Miti hiyo huota Arabuni, Ethiopia na Somalia, na baadhi ya aina zake huota papa hapa Kaskazini Mashariki, ambako wafugaji na akina mama huokota utomvu huo na kuuza. Jirani yako Msomali huita manemane *malmal*. Jioni anapoweka makaa kwenye chetezo chake na kufukiza, moshi ule unaingia hadi kwako.

Najua kuna wapendwa hufunga dirisha wakisikia harufu hiyo. Wanasema ni mambo ya giza. Mpendwa, tulia kidogo. Jirani yako anafukiza nyumba yake inukie vizuri, kama wewe unavyonunua manukato dukani. Na utomvu wa miti ya namna hiyo uliwekwa mbele ya Yesu akiwa mtoto, Mariamu akautazama kwa macho yake. Mungu hakudharau zawadi ya nchi kavu. Basi na sisi tusiidharau nchi iliyoitoa, ati kwa sababu tumeletwa hapa na barua ya kazi.

3. Misri, mahali pa kuogopwa

Sasa tufike kwenye somo letu kuu, Mathayo 2:13-15. Wageni wameondoka. Malaika anamwambia Yusufu katika ndoto amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri, kwa maana Herode anataka kumwua mtoto. Yusufu anaamka usiku uleule na kuondoka.

Tukisoma haraka hatuoni uzito wa jina Misri. Kwa familia ya Kiyahudi, Misri ni jina la utumwa. Kila Pasaka watoto walisimuliwa mateso ya huko. Hakuna bibi Bethlehemu ambaye angefurahi kusikia mjukuu wake anapelekwa Misri! Ni kama siku ile ulipopiga simu nyumbani ukasema, "Mama, nimepangiwa Garissa." Kumbuka alivyonyamaza. Kumbuka swali alilouliza baada ya kunyamaza.

Wala hakukosea kuogopa. Kanisa halijengwi kwa kuficha mambo, kwa hiyo tuyaseme. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa Jumapili, watu wakiwa kwenye ibada. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 walitolewa kwenye basi na kuuawa, wakiwamo walimu waliokuwa wanakwenda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kuelekea Pasaka, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi, na wengi walichaguliwa kwa sababu ya imani yao. Hao walikuwa watoto wa watu. Tuko na washirika hapa ambao hadi leo hukaa karibu na mlango, na gari likipiga kishindo nje hushtuka. Ndugu yangu, dada yangu, Mungu hakulaumu. Hata Yusufu hakusema, "Nina imani, wacha nilale." Aliamka, akafunga mizigo. Kwa hiyo tukikagua mikoba getini siku ya Krismasi, msinung'unike kwamba kanisa limekosa imani. Yusufu naye alichukua tahadhari, na Mungu ndiye aliyemwagiza.

Lakini angalia Mungu alifanya nini na Misri. Hatari ilikuwa nyumbani, kwa mfalme wa kwao. Kimbilio likawa katika nchi iliyoogopwa. Mathayo hatuambii walikaa kijiji gani, wala nani aliwapangisha chumba. Lakini watu hawaishi kwa ndoto peke yake. Kuna mtu aliwauzia unga. Kuna mtu aliwaonyesha kisima. Huenda hakumjua Mungu wa Israeli hata kidogo. Alimwona mama mwenye mtoto mdogo amechoka, akampa maji. Jina lake halikuandikwa, lakini Mwokozi wa ulimwengu alikunywa maji yale.

Sisi tunawajua baadhi ya watu wa namna hiyo, na ni dhambi tukikumbuka waliotuumiza tukawasahau waliotuficha. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne tu kabla ya Krismasi, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wenye bunduki karibu na El Wak. Wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Walikuwa wameshawapa wanawake Wakristo hijabu zao wajifunike, na wakawaambia wale watu wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wa waliokataa alikuwa mwalimu Mwislamu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akalazwa hospitali, na Januari 2016 akafariki. Kuna mama Mkristo aliyekula Krismasi mwaka ule kwa sababu jirani yake kwenye kiti cha basi alikataa kusogea.

Na hapa mjini, baada ya yale ya Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao wasimame kulinda makanisa. Mambo hayo wasimulieni watoto wenu pia, siyo yale mengine peke yake.

Tena, jirani yako ana matanga yake. Wengi wetu tuliotoka bara hatukufundishwa shuleni kuhusu Bulla Karatasi hapa Garissa mwaka 1980, wala kuhusu uwanja wa Wagalla kule Wajir mnamo Februari 1984. Waliouawa walikuwa Wasomali, na waliowaua walikuwa wamevaa sare za serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya 2013. Sheria za hali ya hatari zilizoanza miaka ya sitini hazikuondolewa eneo hili hadi 1991. Kwa hiyo mzee akikuangalia kwa jicho la mashaka, usidhani ni dini tu. Pengine naye ana kaka aliyechukuliwa asirudi, na waliomchukua walikuwa na sura na lafudhi kama yako. Wewe unamwogopa, naye anakuogopa. Sasa ni nani aanze kusogea? Aanze yule anayesema amesikia habari njema! Amina?

4. Fungua mizigo yako

Yeremia 29 ni barua kwa watu waliopelekwa Babeli. Hawakupenda kwenda. Kulikuwa na nabii mmoja, Hanania, ambaye sura ya 28 inasema alitangaza kwamba baada ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Watu walipenda sana unabii ule! Lakini Mungu alimtuma Yeremia awaambie kinyume chake: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, wautafutie amani mji ule na kuuombea, maana mji ukiwa na amani na wao watakuwa na amani.

Hanania bado anahubiri Garissa. Anasema, "Uhamisho wako unatoka Januari, usinunue hata meza." Kuna mtu amekaa hapa miaka sita na godoro liko chini. Anapokea marupurupu ya mazingira magumu kila mwezi, lakini hajawahi kuuliza jina la mama wa nyumba ya pili. Na kuna watoto waliozaliwa hapa. Wanacheza kwa Kisomali, mpira wao uko hapa, marafiki wao wako hapa. Ukisema kila siku mbele yao, "Hapa si kwetu," mtoto husikia kwamba hana kwao. Yesu mwenyewe alikaa ugenini akiwa mdogo. Mungu alikuwa pamoja naye Misri kabla hajamrudisha Nazareti.

Basi tufanye nini wiki hii? Nitataja mambo manne.

*La kwanza, sherehekea hapa.* Osha nyumba, wavalishe watoto nguo zao nzuri, pika. Ibada ya tarehe 25 ni saa tatu asubuhi. Usije na uso wa mtu anayengoja basi.

*La pili, kula na jirani.* Kwenye Idd walituletea sahani, tukala tukashukuru. Sahani ile ilirudi na nini? Ukinunua mbuzi, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie, ili naye aweze kula bila shaka moyoni. Hupotezi kitu. Nyama ya buchari zote unazonunua hapa huchinjwa hivyo hivyo. Paulo katika 1 Wakorintho 10 alituruhusu kula tunachoandaliwa bila maswali, lakini jirani yako hana ruhusa hiyo, na upendo huangalia upande wa mwenye masharti. Pilau, chapati, soda ya watoto, inatosha. Mpelekee yeye kwanza, kabla hujawapakulia wa kwako.

*La tatu, usifanye sahani kuwa mtego.* Usimpe mtu chakula kwa mkono mmoja na kumbana kwa mwingine. Wala usiifiche imani yako. Jirani zetu wanamheshimu Isa kama nabii, na sura ya 19 ya Kurani ina jina la Maryam. Sisi tunakiri kwamba mtoto yule ni Mwana wa Mungu aliyekuja kutuokoa na dhambi. Tofauti hiyo si ndogo, na hatuipunguzi ili tupendwe. Akikuuliza, mjibu kwa upole na heshima, kama 1 Petro 3:15 inavyotufundisha. Asipokuuliza, acha ale ashibe. Roho Mtakatifu anajua nyumba yake iko wapi.

*La nne, mtafute aliye peke yake.* Kuna mwanafunzi aliyebaki hosteli, dada wa kazi ambaye waajiri wake wamesafiri, kijana wa mjengo anayelala kwenye saiti. Baada ya ibada tutakula pamoja hapa uani. Kila nyumba ilete sufuria moja na mgeni mmoja. Na tukumbuke Dadaab, kilomita mia hivi kutoka hapa, ambako kuna ndugu zetu wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Kongo na Ethiopia wanaosherehekea mbali na kwao kuliko sisi. Wao hata wakipata likizo hawana ushago wa kurudi. Toleo la shukrani la siku hiyo ni lao.

Wapendwa, mwaka ujao huenda ukahamishwa. Huenda Krismasi ijayo ukawa Kisii, Meru au Bungoma, na nitafurahi pamoja nawe. Lakini Krismasi hii Mungu amekuweka ng'ambo hii ya daraja. Mwanawe aliwahi kuwekwa ng'ambo ya mpaka, na kuna mtu aliyempa maji. Usiondoke Garissa bila mtu wa mtaa wako kusema, "Yule alikuwa jirani."

Tuombe

Bwana Yesu, ulizaliwa safarini na ukalelewa ugenini. Wanaosafiri uwafikishe salama. Waliobaki uwape furaha. Wafariji wazazi ambao kiti cha mtoto wao kiko wazi tangu 2015. Ifariji nyumba ya Salah Farah na nyumba zote zilizofiwa, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Tuondolee hofu inayofunga mlango ambao wewe unataka ufunguliwe. Upe mji wa Garissa amani, na amani hiyo utuanzie sisi. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, kuna kitu ambacho hujakinunua au hujakianza kwa sababu unangoja uhamisho? Soma tena Yeremia 29:5-7.
2. Taja jirani mmoja asiye wa imani yako aliyewahi kukusaidia tangu ufike hapa. Watoto wako wanaijua habari hiyo?
3. Tarehe 25 utampelekea nani sahani? Andika jina lake, umwombee kila siku hadi siku hiyo.